Pete ya Posa: Ni Zawadi, ni Mahari, au ni Amana?

 

Katika nchi ya Uzaramo, tangu Maneromango na Mzenga upande wa Kisarawe mpaka Mlandizi na Maili Moja upande wa Kibaha, imekwisha kuwa ada kwamba kijana akiposa hupeleka pete. Barua ya posa hutangulia, majibu yake hufuata, kisha huwekwa siku, majirani wakaitwa, wali ukapikwa, na pete ikavishwa. Wazee wengi wameikubali ada hii, wengine wameinung'unikia, na vijana hawakungoja ruhusa ya hawa wala ya hawa. Si makusudio ya kurasa hizi kuiondoa. Swali lililopo ni jingine, nalo halisemwi barazani mpaka siku uchumba uvunjikapo: ile pete ilikuwa nini? Ilikuwa zawadi aliyopewa binti, ikawa mali yake? Ilikuwa sehemu ya mahari iliyotangulizwa? Au ilikuwa amana kidoleni mwake, ikingoja nikaha?

Kijana aulizaye anunue pete ya namna gani, ya dhahabu au ya fedha, yenye jiwe au isiyo na jiwe, huuliza swali la pili kabla ya la kwanza. Mtu hawezi kujua achague kitu gani naye hajajua akitoa kwa maana gani.

Mambo ya zamani yalikuwa na majina. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa na Velten huko Ujerumani mwaka 1903, ametaja kilemba na mkaja na ubeleko miongoni mwa vitu vya arusi. Kilemba ni cha baba. Mkaja, nguo ajifungayo mzazi tumboni baada ya kuzaa, ni wa mama, kwa kuwa tumbo lililofungwa lilikuwa lake. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, na aliyembeba ndiye aupokeaye. Huko Uzaramoni, ambako mjomba ana neno katika ndoa ya mpwawe, naye hakusahauliwa. Yawezekana kusemwa kwamba vitu hivyo vilikuwa vingi, na kwamba vingine viliwaelemea masikini, na maneno hayo ni kweli. Lakini havikuwa na fumbo. Mtu akilisikia jina alijua kitu ni cha nani, na ni kwa sababu gani, na hakuna aliyerudi kuuliza mkaja ulikuwa wa nani.

Pete imeingia majumbani bila ya jina la namna hiyo. Huitwa pete ya uchumba, na wengine huiita kishika uchumba kama zilivyoitwa pesa alizokuja nazo mshenga. Na jina hili la pili lasema kazi ya kitu, ila halisemi mwenyewe ni nani.

Hata huko ilikotoka pete hii, maana yake haikuwa moja wala bei yake haikuwa moja. Warumi wa kale walimpelekea mchumba pete ya chuma isiyo na jiwe. Pliny, aliyekufa mwaka 79, ameitaja ada hiyo katika kitabu chake. Mwaka 1477 Maximilian wa Austria alimpa Mary wa Burgundy pete yenye almasi, na kisa hicho hutajwa sana, lakini hayo yalikuwa mambo ya wafalme. Kilichoifanya almasi ionekane kuwa faradhi ya kila mposaji ni biashara. Mwaka 1947 kampuni ya De Beers iliandikiwa matangazo huko Marekani yenye maneno ya kusema kwamba almasi ni ya milele, na maneno hayo yakazunguka dunia. Na mwaka ule ule jiwe la rangi ya waridi la uzito wa karati 54 na nusu lilitoka Mwadui, katika Shinyanga, kwenye machimbo aliyoyavumbua John Williamson mwaka 1940, likawa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Basi kijana wa Soga aonaye haya kwa kuwa pete yake haina almasi, aona haya kwa sababu ya maneno ya wachuuzi yaliyotungwa kabla babaye hajazaliwa.

Wako wanavyuoni waliokataza pete ya uchumba kwa hoja ya kujifananisha na wasio Waislamu. Hoja yao ina nguvu juu ya mtu aaminiye kwamba pete yenyewe hufunga mapenzi, na kwamba ikivuliwa au ikipotea ndoa itakufa. Itikadi hiyo haina msingi katika dini. Lakini pete kwa asili yake ni pambo, na kupeana zawadi ni jambo lililohimizwa, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivaa pete ya fedha, iliyochorwa jina lake, akaitumia kuwa muhuri wa barua zake. Dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kijana atakaye naye avishwe pete, avishwe ya fedha. Na kwa kuwa mposaji kabla ya nikaha ni mtu kando kwa binti yule, mkono wake haumgusi: mama yake, au dada yake, au shangazi yake ndiye amvishaye mchumba, huko ndani walipo wanawake. Jambo hili ni jepesi na halipunguzi furaha ya mtu yeyote, isipokuwa ya wapiga picha.

Linalobaki ni zito zaidi. Sahl bin Saad (r.a.) amepokea, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kisa cha mwanamke aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) akajitoa kwake, na Mtume akanyamaza. Mtu mmoja katika waliohudhuria akaomba aozwe yeye. Akaulizwa ana nini cha kumpa. Hakuwa na kitu ila nguo aliyojifunga kiunoni. Akaambiwa kwamba akimpa mwanamke nguo hiyo, yeye atakaa bila ya nguo. Akaamrishwa akatafute kitu, japo pete ya chuma. Akaenda, akarudi mikono mitupu. Ndipo alipoulizwa amehifadhi nini katika Qur'ani, akazitaja sura zake, na akaozwa kwazo.

Mafakihi wametoa mengi katika hadithi hii. Wametoa kwamba mahari katika madhehebu ya Shafii hayana mpaka wa uchache, na kwamba kufundisha Qur'ani hufaa kuwa mahari. Na Imamu Nawawi ametoa humo kwamba pete ya chuma si makuruhu kuivaa. Lakini yako mambo mawili mengine yafaayo kutazamwa na kijana aendaye kununua pete. La kwanza, hadithi haisemi kwamba mtu yule aliambiwa akakope. Watu walikuwapo, na pete ya chuma ni kitu hafifu, ambacho ndugu mmoja angaliweza kumpa mwenziwe bila ya kujua kimetoka. Walakini aliambiwa atafute alicho nacho, na alipokosa, mlango mwingine ukafunguliwa. La pili, mtu yule hakuficha kitu. Aliulizwa mara baada ya mara, na kila mara jibu lake lilikuwa kwamba hana. Mwanamke naye alikuwapo, umasikini wa mumewe ukasemwa hadharani kabla hajawa mumewe. Siku alipoingia nyumbani kwake hakukuta jambo lililofichwa. Pete ile haikupatikana, na kutopatikana kwake kulitangazwa mbele za watu, na ndoa ikasimama juu ya tangazo hilo.

Sasa atazamwe kijana wa leo. Kutoka Kibaha mpaka Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 40 kwa barabara ya Morogoro, na wa Kisarawe hupitia Pugu na Gongo la Mboto. Wote wawili hukutana Kariakoo. Huko yako maduka ya masonara, na karibu nayo ziko meza za pete za shaba zilizochovywa katika dhahabu, zing'aazo kuliko dhahabu yenyewe. Dhahabu ya kweli hupigwa alama upande wa ndani: 750 ni ya karati 18, maana yake sehemu 750 katika 1000 ni dhahabu na zilizobaki ni madini mengine, 875 ni ya karati 21, 916 ni ya karati 22. Fedha nzuri hupigwa 925. Alama nayo yaweza kughushiwa, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili humwendea sonara ajulikanaye, akatazama mizani kwa macho yake, akachukua hati ya ununuzi yenye uzito na karati.

Kijana ana pesa za shaba, akanunua ya shaba. Hapo hajakosa. Akaipeleka katika kisanduku chekundu cha kisonara, ikavishwa, wanawake wakapiga vigelegele, na mama wa binti akawaambia majirani kwamba mwanawe amevishwa dhahabu. Kijana akasikia, akanyamaza. Je, amesema uwongo?

Atajitetea kwamba neno dhahabu halikutoka kinywani mwake. Lakini mafakihi wana kanuni kwamba ada hufanywa hakimu, na kwamba kinachojulikana kwa ada ni sawa na kilichoshurutishwa kwa ulimi. Ikiwa katika mji ule pete ya posa yafahamika kuwa ni dhahabu, basi kunyamaza kwake ni kusema, na kisanduku ni shahidi wake wa uwongo. Katika Sahihi Muslim imo khabari ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni penye chungu la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye nafaka, naye akajibu kwamba imenyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka juu watu wakaiona, na akaonywa maonyo makali juu ya wenye kughushi. Muuzaji yule hakutamka neno kwa wanunuzi. Nafaka kavu iliyokaa juu ndiyo iliyomsemea. Na ikiwa hukumu ni hiyo katika pishi za nafaka, ambazo huliwa zikaisha, itakuwaje katika neno la kwanza la mume kwa mkewe, ambalo watakaa nalo miaka?

Wengine husema kwamba akidhihirisha kuwa ni shaba atadharauliwa, labda posa itarudishwa. Hilo ni kweli, laweza kutokea. Lakini mtu atakayerudishwa kwa sababu ya shaba amepata faida kubwa ya kujua jambo hilo mapema, ilhali hajafunga nikaha wala hajazaa mtoto. Na binti akiijua kuwa ni shaba akairidhia, pete ile imekuwa na heshima ambayo dhahabu ya mkopo haiipati.

Dhahabu ya mkopo ndilo balaa la upande wa pili, nalo limezidi kuenea. Katika mashamba ya Kisarawe na Kibaha mikorosho huchanua wakati wa kiangazi, na korosho huanza kuokotwa kiasi cha mwezi wa Oktoba. Kijana aliyewekewa siku ya pete mwezi wa Agosti huona maua juu ya mti na haoni pesa mfukoni. Huja mtu mwenye pesa, akamnunulia korosho zingali maua, kwa bei ya maua. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajadhihiri kufaa kwake, na hekima ya makatazo hayo yaonekana hapa bila ya darubini: ukungu ukiingia katika maua, mmoja kati ya wawili wale amekula mali ya mwenziwe bila ya kitu. Mwingine huenda kwa wakopeshaji, ambao watu wenyewe wamewapa jina la kausha damu, na jina hilo latosha kuwa fatwa. Wa tatu hukubaliana na sonara achukue pete leo na alipe kidogo kidogo. Huyu hudhani amesalimika, lakini wanavyuoni wengi wa zama hizi wameipa noti hukumu ya dhahabu na fedha, basi dhahabu haiuzwi kwa noti ila mkono kwa mkono. Njia yake iliyo safi ni kuweka akiba yake kwanza, hata kwa huyo huyo sonara kuwa ni amana, na siku itimiapo wauziane kwa bei ya siku ile.

Ajabu ya deni la pete ni kwamba pete huingia nyumbani kwa binti, na deni hubaki nyumbani kwa kijana, na watu hufurahi kwa kuwa nyumba ni mbili. Miezi sita baadaye nikaha imefungwa na nyumba imekuwa moja. Ndipo mke huona kwamba unga umepungua na mafuta yamepungua, na kitu anachokilipia kwa tumbo lake ki kidoleni mwake.

Walii wa binti ana hoja yake, nayo si ya kupuuzwa. Husema: mtu asiyetoa kitu kizito huondoka kwa wepesi, tumeona vijana wakiposa huku na huku kama wachagua mananasi sokoni, acha atoe kitakachomuuma, apate kukaa. Hoja hii ingalikuwa nzuri lau uzito wa pete ungekuwa sawa kwa watu wote. Lakini pete ya gramu tano kwa mtu mwenye magari Mlandizi si kitu, ataiacha kama aachavyo mwamvuli uliosahauliwa. Na kwa mchoma mkaa wa Kazimzumbwi pete hiyo hiyo ni kazi ya mwaka. Kufuli hiyo humfunga masikini, naye ndiye aliyekuwa na haja ndogo ya kufungwa. Kinachomfunga tajiri na masikini kwa uzito mmoja ni neno lililosemwa mbele ya wazee, na katika dini posa iliyokubaliwa ina nguvu hata pasipo pete: si halali kwa Muislamu kuposa juu ya posa ya nduguye mpaka aiache au aruhusu.

Sasa uchumba umevunjika. Hili si jambo la ajabu wala si aibu kwa yenyewe; posa ni ahadi, si nikaha, na Mwenyezi Mungu amewapa watu nafasi ya kutazamana kabla ya kufungamana. Mama wa kijana anatuma mtu kuitaka pete. Mama wa binti anajibu kwamba mwanawe alipewa, na aliyepewa kapewa. Kila mmoja yuko tayari kuapa, na kila mmoja aweza kuwa na haki, kwa sababu siku ile hakuna aliyesema neno.

Katika Fat-hul Muin, kitabu cha Sheikh Zainuddin wa Malibari kisomwacho sana katika darsa za pwani, mas'ala haya yamo katika mlango wa mahari: mtu akimposa mwanamke, kisha akampelekea au akampa mali kabla ya nikaha pasipo kutamka neno, naye hakukusudia kutoa bure, kisha kukatokea kuachana, iwe kwa upande wa mwanamke au kwa upande wake, basi ana haki ya kurudishiwa kilichomfikia mwanamke. Sharti mbili zimebeba hukumu nzima, nazo ni kutotamka na kutokusudia kutoa bure. Kama alitamka kwamba ni hiba, na binti akaipokea, mlango umefungwa: kurejea katika hiba iliyokwisha pokewa si halali katika madhehebu haya ila kwa mzazi aliyempa mwanawe, na Mtume (s.a.w.) amemfananisha arudiaye kipawa chake na mbwa arudiaye matapishi. Kama alisema kwamba ni katika mahari, na nikaha haikufungwa, hapana mahari pasipo nikaha na kitu hurudi chote. Nikaha ikifungwa kisha ikatokea talaka kabla ya kuingiliana, Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 237, imempa mwanamke nusu ya mahari yaliyotajwa, isipokuwa mmoja wao akisamehe.

Na yafurahisha kuona kwamba sheria ya nchi imefika karibu na hapo kwa njia yake yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71, yaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa kutazamia ndoa ambayo haikufungwa, ikiwa mahakama itaridhika kwamba mtoaji alikusudia zawadi ile itegemee kufungwa kwa ndoa. Pasipo kusudio hilo, hapana dai. Sheikh wa Malibari katika karne ya kumi ya Hijra na bunge la Tanzania wameuliza swali moja: alikusudia nini? Na nani atalijua kusudio la mtu lililofungwa moyoni? Kadhi halijui, hakimu halijui, na mara nyingi kijana mwenyewe halijui, kwa sababu siku ile alikuwa akifikiri juu ya wali na vigelegele.

Hapa haki na murua huachana njia. Mposaji aliyegeuka mwenyewe, akamwacha binti aliyekaa mwaka mzima akiwajibu waposaji wengine kwamba amekwisha posewa, ana haki ya pete yake kwa maneno ya Fat-hul Muin. Baadhi ya wanavyuoni wa Kimaliki wamemnyima haki hiyo, wakatazama ni nani aliyevunja. Akiwa ni yeye, hakidai kitu. Asiyetaka kutoka katika madhehebu yake asitoke, lakini hakuna madhehebu yaliyomwajibisha kuchukua kila anachoruhusiwa kuchukua. Yeye amepoteza gramu tatu, na mwenziwe amepoteza mwaka katika miaka ambayo kwa mwanamke huhesabiwa na majirani. Vile vile nyumba ya binti, ikiwa wao ndio waliogeuka kwa sababu amekuja mtu mwenye gari, haiwafalii kungoja waombwe. Pete hurudishwa kwa mkono wa mshenga aliyeileta, mchana, na shahidi mmoja. Chakula kilicholiwa siku ile hakifai kudaiwa, hata kama wako waliojuzisha. Mwenye kudai wali ulioliwa na majirani ajue kwamba majirani watamwona tena.

Yote haya huzuilika kwa maneno machache ya mshenga kabla ya kisanduku kufunguliwa. Aweza kusema kwamba pete hii ni ya fulani binti fulani tangu saa hii, ndoa iwe isiwe. Aweza kusema kwamba ni katika mahari, na kwamba itatajwa siku ya nikaha. Aweza kusema kwamba ni mali ya mposaji, binti ameruhusiwa kuivaa, na atamilikishwa siku ya nikaha. Maneno haya ya tatu ni halali kabisa, lakini ni mazito masikioni, na mshenga mwenye haya huyameza. Na kumezwa kwake ndiko kulikoleta ugomvi wote uliotajwa. Kwa hiyo yaliyo bora kwa kijana ni yale ya kwanza, na kwayo atapata pia jibu la swali la dukani. Achague pete ambayo aweza kuitoa kabisa kwa moyo mweupe, asiililie ikienda. Ikiwa gramu moja ya dhahabu yamfanya asite kusema maneno hayo, ashuke mpaka fedha. Ikiwa hata fedha yamsitisha, ashuke tena. Na alicho nacho zaidi ya hapo akiweke katika mahari, ambako sharia imekwisha weka walinzi, na ambako hakuna atakayemwambia mke siku yoyote kwamba si chake.

Tena binti mwenyewe aulizwe. Katika mambo ya posa husikia majina ya vitu vikipita juu ya kichwa chake, hiki cha baba, hiki cha mama, hiki cha mjomba, na pete ni kitu kimoja kilicho chake yeye. Si uzuri ikachaguliwa na watu kumi isipokuwa yeye. Kipimo cha kidole huchukuliwa kwa uzi, na aendaye kukichukua kwa kawaida ni shangazi au dada wa mposaji. Mwanamke huyo huyo aweza kupeleka na swali. Mmoja atataka dhahabu, na kama ipo apewe. Mwingine atataka fedha yenye jiwe la akiki. Na mwingine atasema pete iwe nyepesi, kilichobaki kiongezwe katika mahari yake, apate kununua cherehani. Na jibu hilo shangazi atalileta pamoja na uzi.